Alama za Pumzi: Mhadhara wa Nengo juu ya Kukitambua na Kukikusanya Kioo cha Kupulizwa



Kabla sijataja Venice wala Unguja, nawaombeni mfikirie kitu kisichokosekana katika mji huu, yaani chupa ya kahawia ya Primus, ambayo kiwanda cha Bralirwa huijaza hapa hapa Rubavu kando ya Ziwa Kivu, na ambayo ikishanywewa hurudishwa katika kreti, ikaoshwa, ikajazwa tena, ikazunguka hivyo hata mabega yake yakaingia utando wa weupe kwa kukwaruzana na wenzake. Mtu akiishika chupa hiyo akapitisha ukucha ubavuni mwake, atahisi mstari mwembamba unaopanda kutoka kitakoni, ukapita begani na shingoni, ukafika mdomoni penyewe. Mstari huo ni mshono wa kalibu ya chuma inayofunguka na kufungwa kwa nguvu za mashine. Na mashine ya kwanza iliyoweza kuifanya kazi hiyo yote bila pumzi ya mtu ilibuniwa na Michael Owens wa mji wa Toledo, Marekani, mwaka 1903, nayo katika muda mfupi ilikiondoa kinywa cha binadamu katika biashara ya chupa baada ya karne zipatazo ishirini za kupuliza. Sisemi haya kwa kuidharau chupa ile. Nasema kwa sababu ndiyo mwalimu wa kwanza, na anayeijua vema chupa ya mashine amekwisha pata nusu ya maarifa ya kukitambua kioo cha mkono.

Nimealikwa kusema juu ya kioo cha sanaa kinachopulizwa kwa mdomo, jinsi ya kukitambua na jinsi ya kukikusanya. Rai yangu nitaitaja mapema ili mpate kuipima kwa dalili zitakazofuata: mkusanyaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuanzia mbali, katika kazi za mafundi waliokufa zamani ambao majina yao hughushiwa kila siku, ilhali katika nchi zetu kuna matanuri yanayowaka na mafundi walio hai wanaoweza kuulizwa, na kumwuliza fundi aliye hai, kisha kuliandika jibu lake, ni amali yenye faida kubwa kuliko kununua.

Asili ya kioo ni mchanga wa silika, ambao ukiachwa peke yake hauyeyuki mpaka moto ukaribie nyuzi 1,700 za Selsiasi, kiasi ambacho matanuri ya wahenga hayakuweza kukifikia. Basi huchanganywa na magadi, yanayopunguza moto unaohitajika, na chokaa, inayokizuia kioo kisilike majini. Nchi zetu zimeilisha sanaa hii kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, magadi yamechimbwa kwa biashara kubwa tangu kampuni ilipoundwa huko mwaka 1911, na sehemu kubwa ya shehena yake imekwenda kwa wenye viwanda vya kioo. Rangi ya buluu ile iliyokolea, inayopendwa na wakusanyaji kuliko zote, hutokana na kobalti, na hapana eneo duniani lililotoa kobalti kwa wingi kama Katanga, nchini Kongo. Shaba, ambayo nayo Katanga inayo maridhawa, hukipa kioo rangi ya feruzi, na ikinyimwa hewa tanurini hugeuka ikatoa wekundu. Chuma huleta kijani. Na chembe za dhahabu, chache mno, huleta wekundu wa punje za komamanga. Mtu akiinua bakuli la buluu lililotoka Bohemia au Ufaransa, hana budi kukumbuka kwamba ardhi ya jirani yake huenda ina fungu ndani yake.

Watu wa Goma na Gisenyi, waliouona mlima wa volkano wa Nyiragongo ukifunguka Januari 2002 na tena Mei 2021, hawana haja ya kusimuliwa namna jiwe linavyotiririka kwa moto. Ila kioo kina tabia yake makhsusi, nayo ni siri ya sanaa nzima: maji huganda ghafla yakifika baridi fulani, lakini kioo hakina nukta moja ya kuganda; huwa kizito kidogo kidogo kadiri kinavyopoa, na katika muda huo mfupi baina ya utepetevu na ugumu, fundi hufanya kila alilokusudia. Ufundi wa kutia pumzi ndani yake ulizuka katika pwani ya Shamu na Palestina katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na zana zake hazijabadilika sana hata leo.

Fundi huchovya ncha ya neli ndefu ya chuma katika kioo kilichoyeyuka kwa moto wa nyuzi 1,100 hivi, akaizungusha, akatoka na donge linalowaka. Huliviringisha juu ya bamba la chuma lipate kusawazika, akapuliza pumzi ndogo, akaliziba tundu la neli kwa kidole, na hewa ile kwa joto lake ikatanuka yenyewe ndani ya donge. Tangu hapo neli haitulii hata mara moja, maana kioo laini huvutwa chini na uzito wake, na mkono ukizembea kidogo chombo huenda upande. Hukaa katika benchi lenye mikono miwili mirefu, akiizungusha neli juu yake kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akitumia koleo, mkasi, na kata ya magazeti yaliyoloweshwa maji, ambayo huiviringisha juu ya kioo chenye moto akakihisi umbo lake karibu kama kwa kiganja kitupu. Umbo likikaribia kutimia, msaidizi huleta fimbo nyingine yenye tone la kioo nchani, akaibandika chini ya kitako. Neli hukatwa shingoni, na chombo, sasa kikishikwa kwa kitako, hurudishwa motoni ili mdomo wake ufunguliwe na kulainishwa. Kazi ikikamilika fimbo hugongwa, chombo kikaachana nayo, kikatiwa katika tanuri la kupozea lenye nyuzi kama 500, na humo kikapozwa taratibu kwa saa nyingi, kwa kuwa kioo kilichopoa kwa haraka hubeba mvutano ndani yake na huweza kupasuka chenyewe kabatini baada ya siku kadhaa.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu kila alama atakayoitafuta mkusanyaji ni athari ya tendo mojawapo kati ya hayo. Alama ya kwanza ni kovu la fimbo kitakoni: pengine ni gumu na lenye makali, pengine limesagwa likabaki duara laini lililozama kidogo, na mwanga ukilipiga kwa upande huonekana wazi. Ya pili ni mdomo, ambao ukilainishwa kwa moto huwa mviringo na mnene kidogo kuliko ubavu, hali mdomo uliokatwa na kusagwa huwa bapa. Ya tatu ni unene, usiolingana pande zote, na ambao hupimwa vizuri zaidi kwa vidole kuliko kwa macho. Kisha kuna mistari hafifu kama mawimbi ndani ya kioo, iliyoachwa na mzunguko wa neli, na viputo vya hewa vilivyovutwa vikawa virefu kuelekea upande ambao kioo kilivutwa. Ukishaufahamu mwendo wa kazi, unaweza kukigeuza chombo mkononi na kuisoma saa yake moja ya kuumbwa: hapa kilishikwa, hapa kilipinduliwa, hapa fundi aliharakisha.

Wauzaji wanazijua alama hizi sawasawa na wanunuzi, na hapo ndipo pana haja ya uangalifu mkubwa. Viputo peke yake si ithibati ya chochote, maana kiwanda huweza kuvitia makusudi ili chombo kionekane cha mkono. Mshono nao, ambao nimeusifu kuwa dalili ya mashine, si dalili kamili, kwa kuwa mafundi wengi tangu zama za Warumi wamepuliza kioo ndani ya kalibu, na chombo cha namna hiyo huwa na mshono ubavuni ingawa kilipulizwa kwa kinywa. Tofauti ni kwamba mshono huo aghalabu hukoma kabla ya mdomo, kwa vile mdomo ulimaliziwa motoni baada ya kalibu kufunguliwa. Uchakavu wa kitako ni shahidi mwema kuliko hao wote: chombo kilichokaa mezani miaka hamsini huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, tena katika duara lile tu linalogusa meza, bali chombo kilichozeeshwa kwa msasa jana huwa na mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, na mingine hata mahali pasipogusa meza kabisa. Kitazameni kitako kwa kioo cha kukuzia kabla ya kusikiliza hadithi ya muuzaji.

Sasa niruhusuni nirudi pwani, kwa kuwa kuna watu hudhani kukusanya vioo ni desturi iliyoletwa na Wazungu. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo vikawekwa vyombo vya kauri vya China na vitu vingine vya thamani vilivyovuka bahari. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza namna vishubaka vya majumba ya Unguja vilivyojazwa vyombo vya kioo na vya kauri, na namna wenye uwezo walivyoshindana kuvipamba bila kuhesabu gharama. Kila nyumba yenye heshima ilikuwa na mrashi wake wa kunyunyizia wageni marashi, na mirashi mingine ilikuwa ya kioo chenye shingo nyembamba, ambayo ni mtihani mgumu kwa mpulizaji yeyote. Zamani zaidi ya hapo, katika magofu ya Shanga kisiwani Pate, ambako Mark Horton alifukua katika miaka ya 1980, na katika magofu ya Manda na Kilwa, ambako Neville Chittick alifanya kazi kabla yake, vimepatikana vipande vya vyombo vya kioo vilivyotoka nchi za Kiislamu za mashariki pamoja na shanga kwa wingi.

Na shanga hizo zina uhusiano na pumzi kuliko inavyodhaniwa. Shanga za kuvutwa, ambazo Venice ilizitengeneza kwa ajili ya biashara ya dunia nzima, huanzia katika donge la kioo lenye tundu la hewa katikati. Mafundi wawili hulishika kwa fimbo mbili, wakakimbia kila mmoja upande wake, donge likavutika likawa neli nyembamba ya makumi ya mita, na tundu lile la hewa likabaki ndani yake toka mwanzo hata mwisho. Neli ikikatwa vipande, kila kipande ni ushanga wenye tundu lake tayari. Shanga hizi zilishushwa Unguja na kupandishwa bara kwa migongo ya wapagazi, na watu wa misafara walikuwa, kwa maoni yangu, wataalamu wa kwanza wa kioo katika nchi hizi. Hawakuwa na anasa ya kukosea. Msafiri Stanley alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871 kwa safari ya Ujiji, ilimlazimu kuulizia ni shanga ya rangi ipi inayopokelewa katika nchi ipi, kwa kuwa nyekundu za samsam zilizopendwa mahali pamoja zingeweza kukataliwa mbele ya safari, na mwenye mzigo wa rangi isiyotakiwa angekosa chakula. Na Ujiji penyewe palikuwa na sofi, shanga fupi zilizofanana na vipande vya shina la kiko, zikitumika sokoni kama sarafu. Mtu aliyeweza kuutambua ushanga kwa rangi, kwa urefu na kwa mng'ao wake, katika mwanga wa sokoni, akiwa amechoka na njia, alikuwa na elimu ambayo wengi wetu leo hatuna.

Basi mkusanyaji wa hapa Nengo aanzie wapi? Mimi humshauri aanzie Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako Nani Croze aliweka makao ya sanaa ya kioo, na mwanawe Anselm Croze akajenga tanuri la kupuliza, wakichukua vioo vya madirisha vilivyovunjika na kuviyeyusha upya. Kioo cha dirisha kina chuma kidogo ndani yake, kwa hiyo kazi nyingi za Kitengela zisizotiwa rangi huwa na ukijani hafifu unaokolea kitakoni na ukingoni, mahali palipo unene; nao ni utambulisho wa haki, unaotokana na malighafi yenyewe, usioweza kubanduliwa kama karatasi ya jina. Baada ya hapo aende Arusha, kwenye karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 na ambayo mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Huko huyeyusha chupa zilizokwisha tumika, na rangi za kazi zao ni rangi za chupa, kijani, kahawia na nyeupe. Kila chupa ina mchanganyiko wake, na michanganyiko miwili isiyopatana ikiunganishwa hunywea kwa viwango tofauti inapopoa na kuacha nyufa. Kwa hiyo anayenunua kazi iliyounganisha rangi mbili na apitishe ukucha kwenye maungio, akipige chombo pole kwa kidole, asikilize kama mlio wake ni mmoja.

Thamani kubwa ya matanuri haya kwa mkusanyaji ni kwamba anaweza kusimama mbele yake na kuuliza. Nani alipuliza? Siku gani? Kioo kilitoka wapi, rangi ilitiwaje, kwa nini mdomo umeachwa wazi hivi? Mkusanyaji asiyependa kuuliza atanunua vitu. Anayeuliza atapata mkusanyo. Tazameni yaliyowapata wakusanyaji wa Émile Gallé wa Nancy, fundi aliyefariki mwaka 1904 na kiwanda chake kikaendelea baada yake: kwa muda mfupi baada ya kifo chake nyota ndogo iliwekwa kando ya sahihi yake, na tangu siku hizo watu hupima nyota, hupima herufi, hubishana, tena katika zama zetu vimetoka Romania vyombo vyenye jina la Gallé na neno dogo pembeni linalomaanisha kwamba ni vya namna yake, neno ambalo msasa huliondoa kwa dakika moja. Murano nako, ambako Venice ilihamishia matanuri yake mwaka 1291, vibandiko vya uwongo vilienea hata mkoa wa Veneto ukatunga sheria mwaka 1994 ya alama maalumu ya kuthibitisha kazi ya kweli. Taabu yote hiyo imetokana na jambo moja, kwamba wakati fundi alipokuwa hai watu hawakuandika.

Siwakatazi vioo vya Ulaya. Nyumba za zamani za mwambao huu wa Kivu zilikaliwa na Wabelgiji, na Ubelgiji ni nchi ya Val-Saint-Lambert, kiwanda cha fuwele kilichoanzishwa mwaka 1826 katika abasia ya zamani huko Seraing. Mtu akiuziwa bilauri nzito yenye mlio mrefu na michoro iliyokatwa kwa gurudumu, kutoka nyumba inayohamwa Gisenyi au Goma, haifai aipite bila kuitazama. Ila aitazame kwanza mdomo: ukingo uliomeguka na kusagwa upya huwa mkali na mwembamba kuliko wenzake, na bilauri ya namna hiyo imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kuhusu shanga na vipande vilivyofukuliwa katika magofu ya pwani, hapo sina maafikiano na mtu. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na ile ya Kenya ya 2006 zinavilinda, na kipande kilichong'olewa ardhini bila kuandikwa mahali pake kimekwisha nyamazishwa daima.

Natamani pia, na nasema kwa dhati, kuona tanuri katika mji huu. Gesi ya methani iliyomo katika kina cha ziwa hili ilitolewa Rubona tangu mwaka 1963 ikachemsha mitambo ya Bralirwa; chupa zilizovunjika tunazo; Katanga yenye rangi imo katika nchi jirani; na vijana wenye mikono myepesi wanavuka mpaka kila asubuhi. Kijana mmoja akijifunza Kitengela au Arusha kwa miaka michache, akarudi, ndiye atakayekuwa fundi ambaye wakusanyaji wa kesho watabishana juu ya sahihi yake, na sisi tulio hai ndio tutakaokuwa na wajibu wa kuandika.

Limebaki jambo la kuhifadhi, ambalo hapa kwetu lina uzito wa pekee. Baada ya mlipuko wa Mei 2021 ardhi ilitetemeka siku kadhaa, nyumba zikapasuka Goma na Rubavu, na kioo kilichokaa juu ya rafu wazi hakiwezi kustahimili hali kama hiyo. Kabati lifungwe ukutani kwa skrubu, rafu iwe na ukingo wa mbele, vitu vizito vikae chini, na chini ya kila kitako ibandikwe chembe ya nta laini, ambayo hushika wala haiachi doa. Chombo kisioshwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa majivu au mchanga. Maji vuguvugu na sabuni kidogo yatosha, na ukungu wa chokaa huondolewa kwa siki. Fuwele yenye risasi isiwekwe kinywaji kikalala humo.

Daftari ndilo hifadhi ya mwisho. Kwa kila kipande liandikwe jina la fundi, mahali, tarehe, bei, maneno aliyosema fundi juu ya kazi yake, na ufa au kasoro iliyokuwapo siku ya kununua. Na picha ya kitako ibandikwe kando, kwa maana kitako hutambulisha kuliko ubavu. Wengi wameacha vyombo vizuri vikauzwa kwa bei ya bilauri za hotelini kwa sababu warithi hawakujua walichonacho. Mimi huandika katika kurasa za nyuma kipi kiende kwa nani, kipi kiuzwe na kwa bei isiyopungua ngapi, na kipi kipelekwe makumbusho iwapo kitakubaliwa. Na wanangu nimewaonyesha daftari hilo linakaa wapi.